Sasa Anaitwa Dale

S.L.P. 41,
Harlan Creek,
British Columbia.
27 Januari 2019

Mpendwa Mama Mdogo Attracta,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje tangu litolewe maji? Na Baba Mdogo Fergal, bado anakohoa na kusingizia vumbi la nyasi? Mimi ni mzima wa mwili. Keki yako ya Krismasi ilifika imevunjikavunjika, nikaila kwa kijiko.

Mara tatu wiki hii nimekupigia simu huko kwetu Leitrim, nikasikia unaitikia, nikakata; kwa mdomo sikuweza kusema. Nisamehe. Habari yenyewe ni ya Cathal wako, na aliniapisha nisikwambie.

Viza yake ya kutembea na kufanya kazi, ile ya miaka miwili, iliisha tarehe thelathini Oktoba. Mimi niliombewa kibali kingine mapema na daktari wa mifugo ninayemfanyia kazi. Yeye alimtegemea Haugen, mwenye hoteli ya mlimani anakotengeneza mashine za theluji. Haugen alichukua pasipoti yake akisema wakili anashughulikia. Kila nilipouliza, Cathal alicheka tu: "Tulia, dada. Una wasiwasi kama mama."

Sheria humpa mtu siku tisini za kuomba arudishiwe kibali. Zake zinaisha kesho.

Mwezi uliopita nilimpigia yule wakili. Hajawahi kulisikia jina la Cathal. Nikapanda mlimani kumwambia, nikamkuta amehamishiwa kibanda cha juu, mbali na wageni, ndevu zimemjaa usoni, amevaa koti la kazi lililoshonewa jina la Dale kifuani. Dale ni fundi aliyekuwapo kabla yake, mzaliwa wa hukuhuku Kanada. Hakuna aliyemwona tangu kiangazi. Nilipouliza alikwenda wapi, Cathal alitazama mlango kwanza, kisha akasema hajui, ila vitu vyake vyote bado vimo kibandani, hata miwani.

Nilimsihi tushuke pamoja siku ileile. Akakataa. Haugen amemjaza maneno kwamba akishikwa atafungwa, kisha atarudishwa kwao na hatakanyaga tena nchi hii. Tukiwa bado tunabishana, mpishi akaingia, akamwita Dale, naye akaitika bila kusita. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, Mama Mdogo.

Tangu siku hiyo simu yake imezimwa. Jana nilikwenda polisi, nikapanda huko na askari mmoja, mwanamke msikivu. Haugen alitukaribisha kahawa. Alisema Cathal aliondoka kabla ya Krismasi, ati kaenda jimbo la Alberta. Nikamwonyesha askari mtu aliyekuwa akipakua kuni nje, nikasema ndiye huyo. Akaitwa. Alikuja polepole, na Haugen akaenda kusimama nyuma yake.

"Unaitwa nani?" askari akamuuliza.

"Dale Pruitt," akajibu, kwa matamshi ya watu wa huku.

Haugen akatoa kitambulisho cha Dale. Picha ni ya mtu mwenye ndevu nyekundu kama za Cathal, angeweza kuwa yeyote. Nikamshika Cathal mkono, nikamwita jina lile la utotoni alilopewa na Bibi Nuala. Hakuuondoa.

"Huyu dada simjui," akamwambia askari.

Tulipokuwa tunashuka, askari aliniambia waziwazi kwamba neno langu peke yake halitashinda kitambulisho. Kisha akaniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu aliyewahi kupata habari za Dale mwenyewe tangu kiangazi. Nikasema hakuna. Akaandika jina la Dale kwenye daftari lake.

Kwa hiyo nakuomba cheti cha Cathal cha kuzaliwa na picha zinazoonyesha lile kovu la shingoni. Zitume kwa njia ya haraka kuliko zote. Lakini kama goti litakuruhusu, usitume. Zilete wewe mwenyewe. Mimi ameweza kunikana. Wewe, sidhani.

Nisalimie Baba Mdogo Fergal, umweleze taratibu. Bibi Nuala mpe salamu tu, mengine asisikie kwanza. Mungu awafunike nyote, na amfunike yeye kule juu.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye,
Sorcha