Zamu Tisa kwa Penseli

Mwenzangu, uko? Nimejifungia stoo ya mashuka.

Ratiba mpya ya chumba cha dharura imebandikwa. Zamu tisa mfululizo ni zangu. Tisa. Na Alhamisi imo, siku mama anapopasuliwa jicho. Ile barua ya ruhusa uliyonisaidia kuandika, sista mkuu ameifanya kifuniko cha kikombe.

Nikamfuata. Nikasema, "Shikamoo sista, Alhamisi niliomba."

Hata macho hakuinua. "Wenzako wana waume na watoto. Wewe una nini?"

"Nina mama."

Akacheka. "Wengine nikiwapanga vibaya wananipigia kelele. Wewe husemi. Ndiyo maana mapengo yote nayaziba kwa jina lako."

Husemi. Mbele ya madaktari wawili, kama ananisifu. Hana haya yule mwanamke.

Miaka miwili namwona akipanga kwa penseli, nikidhani ni uangalifu. Kumbe anafuta kila anayelalamika, kisha ananiandika mimi juu ya alama za ufutio. Nimeziona leo, zamu tano kati ya tisa.

Nikatoa kalamu ya wino. Nikakata jina langu Alhamisi. Pengo sikuliacha, wagonjwa hawana kosa. Nikaandika jina lake.

Sasa anagonga mlango. Ananiita mwanangu. Miaka miwili hajawahi kuniita mwanangu.

Nimemwambia tutaongea Ijumaa, Alhamisi niko na mama.