Sufuria za Kwaheri Yako na Maziwa ya Njoro

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Anko Sitati,

Sasa, mzee wa Doha! Hilo joto limekuachia nywele, ama upara umemaliza kazi? Kikohozi kiliisha? Sisi huku tuko wazima. Goti la Mama linamsumbua tu akienda kanisani, akitoka linapona.

Kabla uniulize kama bado nafagia duka la kompyuta la Bhavin, keti kwanza. Yule kijana aliyeishia Form Three unayemcheka anatembea Nakuru kifua mbele.

Unajua Bhavin alijitengenezea programu ya kutafuta rekodi, na mteja wetu wa pekee ni dairy moja ya Njoro. Kila asubuhi programu huunganisha majina ya wakulima na rekodi za mitungi waliyoleta, ndio meneja, Madam Chesang, ajue maziwa ya nani yaingie tangi. Kuunganisha huko tunaita join. Basi wakulima wakaongezeka, join ikaanza kukokota, maziwa yanachacha hapo nje. Chesang akapiga simu: "Bhavin, ikichelewa tena Ijumaa, kujeni mtoe hiyo kitu yenu." Bila Njoro duka linafungwa, na mimi narudi mjengo kubeba mawe.

Kwa yale Bhavin amenifundisha nikimaliza kufagia, nikafungua code, yale maandishi yanayoendesha programu. Anko, si nikajiona mle ndani! Kwa kila mtungi, programu ilipitia wakulima wote, wa kwanza mpaka wa mwisho: huu ni wako? Huu ni wako? Kama mimi siku ya sherehe yako ya kwaheri, nikirudisha sufuria tulizoazima kwa majirani mlango kwa mlango, na wewe ukicheka mpaka ukamwaga chai.

Nikaipanga mitungi yote kwa vikundi, kila kundi na namba za wakulima wake. Mitungi ni mingi ajabu. Kumbukumbu ikajaa, kompyuta ikaganda. Bhavin akashika kichwa: "Wewe boss, umeua mashine!"

"Imelala tu," nikamwambia, nikiiwasha upya.

Ndio nikakumbuka vile Mama aliniokoa siku ile. Mlima wa sufuria hakuugusa. Aliwaita wenye sufuria, ambao ni wachache, akawasimamisha uwanjani kwa ile rangi ya kucha wanayopaka chini ya sufuria zao: nyekundu hapa, kijani pale. Mimi nikawa nageuza sufuria, naona rangi, naenda moja kwa moja. Basi kwenye programu nikawasimamisha wakulima kwa namba zao, nikaacha mitungi ndiyo itembee, kila mmoja moja kwa moja kwa mwenyewe.

Ijumaa Chesang alibonyeza, akageuka kuchukua chai, kurudi majibu yako hapo.

"Imekataa kufanya kazi?"

"Imemaliza, madam."

Akakagua majina, yote sawa. Maziwa yaliingia tangi yakiwa bado na joto la ng'ombe! Njoro wamebaki na sisi, na Bhavin, mtu wa kubania hata tabasamu, alinikumbatia mbele ya madereva. Ufagio ameshika mwingine.

Sasa tuje kwa maneno yako. Krismasi uliapa kwa simu, familia yote ikisikia, kwamba siku kompyuta itanitii utaniita Injinia. Piga Jumapili ijayo baada ya kanisa. Simu itakuwa mezani, spika wazi.

Mama anakusalimia. Mkeo Adero anauliza likizo ni lini, na mwanao Maxwel ameota meno mawili, ananiuma mimi tu. Mungu akufunike na hilo jua, akurudishe mzima.

Wako akupendaye,

............... Nyongesa

Hapo mbele ya jina nimekuachia nafasi. Utaijaza Jumapili, kwa sauti.