Ubeti wa Mwisho wa Marehemu

Jumanne, 3 Agosti 1954
Vumbi. Mpira wa baiskeli umepasuka tena. Nimeisukuma hadi kambi ya wenye ukoma. Padre ameniomba niwafundishe utunzi wa mashairi mpaka gazeti litakaponirudisha Tabora. Nimechoka kabla ya kuanza.

Wanafunzi sita, barazani kwa zahanati. Petro Lusambo, Mkonongo wa Inyonga, hushika kalamu kwa vidole vilivyobaki. Alipoletwa hapa, ndugu zake walimwekea matanga, wakagawana mizinga yake ya nyuki. Shamba likaenda kwa mdogo wake. Wenzake wanamwita Marehemu.

Leo Mama Kristina, mwanafunzi mwenzake, kamchokoza: "Marehemu, paza sauti. Sisi bado tuko duniani."

Petro hucheka. Anataka jambo moja: kwao wajue yu hai. Barua hazikujibiwa. Gazeti husomwa dukani mbele ya watu. Halifichiki.

Jumanne, 10 Agosti
Shairi la Petro limekamilika. Jina lake na kwao vilikuwa katika ubeti wa mwisho, kama desturi ya watunzi. Nimemwambia Petro kwamba mhariri akikosa nafasi hukata kutoka chini. Habari zangu zimekatwa mkia miaka yote. Jina lipande juu.

Petro kagoma. "Bwana, jina ni la kuagia. Mgeni haanzi kwa kuaga."

Tumebishana mpaka wengine wakasinzia. Nimeshinda. Sasa ubeti wa kwanza una jina. Katikati anawaumbua waliomzika hai. Ni mkali. Mwisho anamsamehe mdogo wake.

Nimelinakili mwenyewe. Karatasi ya kambini watu huiogopa.

Jumamosi, 28 Agosti
Gazeti limekuja na treni. Shairi lipo. Jina lipo. Ubeti wa mwisho haupo.

Imebaki lawama tupu. Nilijua wanakata wapi. Sikufikiri nini kitakuwa pale.

Jumanne, 31 Agosti
Nimemwonyesha Petro. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mama Kristina: "Marehemu kafufuka na fimbo."

Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 6 Septemba
Dereva wa lori la nta ametoka Inyonga. Shairi limesomwa dukani. Yakobo, mdogo wake Petro, sasa anaitwa mla urithi wa mtu hai. Amekuja kwa lori hilo hilo.

Sina hamu ya kesho.

Jumanne, 7 Septemba
Nimemkuta Yakobo nje ya uzio. Hakutaka kuingia. Petro alipokuja, hakumsalimia.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Kama ulitaka shamba, si ungesema?"

Petro alisogea uzioni. Kisha akaukariri ubeti uliokatwa, polepole, kama tulivyozoea darasani. Mistari miwili imenikaa:

Shamba lilime mdogo, kudai mimi sirudi,
Nitumie tu salamu, na habari za mizinga.

Yakobo akauliza mbona hayo hayakuandikwa. Nikasema yaliandikwa, gazeti likayakata. Na mimi ndiye niliyeshauri yakae chini. Alinitazama, akaniacha. Akamwomba Petro arudie. Petro akarudia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Halafu Yakobo akasema ile mizinga ya mtoni imevunjwa na nyegere. Petro akakasirika kweli. Akataka kujua ilitundikwa mti gani, na nani mjinga aliyeitundika chini hivyo.

Darasa halikufanyika. Nimewaacha wakibishana, uzio katikati. Nikirudi kwa baiskeli, upepo ulikuwa wa mbele.