Mke Wangu Karudi Kutoka Angani, Nami Nikamkana Koridoni

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijachelewa, kama sijachelewa tayari.

Mimi ni fundi cherehani na mke wangu ni mwanaanga, ndiyo, cheka tu, wateja wangu wote hucheka, lakini tulipendana hivyohivyo, na alipokuwa huko juu kwenye kituo cha anga karibu mwaka mzima nilimshonea gauni la kumpokea kwa vipimo ninavyovijua kwa kichwa, wala sikugusa tepu. Aliporudi nyumbani gauni likamning'inia, miguu imekonda, akisimama ghafla anapata kizunguzungu, mafua hayamwishi, na yeye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano macho yangu yakichoka, sasa mwenyewe anaomba miwani.

Daktari alitueleza vizuri tu, kwamba wakipima damu yake wanaona jeni kadhaa, hasa za kinga ya mwili, zilifanya kazi tofauti akiwa angani, nyingi zimesharudi kama zamani na chache bado, kwa hiyo wataendelea kumpima. Mimi nikaenda kumsimulia dada yangu, naye akashika neno moja tu, jeni, akaniambia, "Kaka, jeni ndiyo mtu mwenyewe. Kama zimebadilika, huyo si wifi yangu, wametuletea mwingine. Na mkizaa, mtazaa nini?" Nilicheka, mshauri, lakini maneno yaliingia, na mke wangu aliponikumbusha kwamba tulikubaliana akirudi tutafute mtoto, nikamjibu eti, "Ngoja kwanza tujue umerudi wewe au nani." Nilidhani natania. Hakucheka.

Kisha ikaja siku ya kipimo, tumekaa kwenye benchi la koridoni hospitalini, watu wamemtambua na wananong'ona, mmoja anasema mbona amekonda hivi, mwingine anasema kabadilishwa huyo, nami aibu ikanipanda, sijui aibu ya nini, basi muuguzi akatoka akauliza, "Nani amekuja na huyu mama?" nami mkoba wake uko mapajani mwangu, nikainamisha macho nikatazama viatu vyangu, muuguzi akauliza tena, na mke wangu akasema, "Hakuna. Nimekuja peke yangu." Akauchukua mkoba mapajani mwangu taratibu, akaingia.

Zamani aliniita Fundi, kwa mapenzi. Sasa ananiita jina langu la kwenye kitambulisho, na amehamia chumba ninachowekea vitambaa. Wiki ijayo ana kipimo kingine, na wakubwa wake wamemuuliza kama atakubali kurudi angani, amewaambia atajibu baada ya kipimo hicho. Nampenda, mshauri, na kila nikikumbuka ule mkoba najuta mpaka nashindwa kukanyaga cherehani. Nimwambie nini asiende?

Ni mimi, Fundi Niliyenyamaza

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Pole yenyewe ni fupi, kwa sababu nyingine nimempa mkeo.

Tuanze na hizo jeni zilizokutoa akili. Jeni za mkeo ni zilezile alizozaliwa nazo. Kilichobadilika ni zipi zinafanya kazi sana na zipi zimepumzika. Wewe ukishona hariri unalegeza uzi, ukishona jinzi unakaza. Je, hapo umenunua cherehani mpya? Huko juu hakuna uzito wa kubeba, mionzi ni mikali, usingizi wa mang'amung'amu. Mwili wake ukajipanga ili aishi. Sasa unajipanga tena, kwingine haraka, kwingine polepole, na kwingine hata daktari hajajua, ndiyo maana anamwita. Habari ya mtoto muulizeni huyo daktari, nyote wawili mkiwa mmekaa pamoja. Dada yako mpe heshima yake, na umpe mipaka yake.

Na hebu niambie, wewe mwaka huo mzima hukubadilika? Kitambi hakikuongezeka? Nani alikuuliza kama ni wewe au nani? Mwanamke ameacha nguvu za mifupa na macho yake huko angani, karudi nyumbani kupumzika, mumewe anamkagua kama noti ya bandia. Aibu ilikupanda, ndiyo, lakini ulikosea mtu wa kumwonea aibu.

Unaniuliza umwambie nini asiende. Usimwambie kitu. Hiyo ni kazi yake na mwili wake, na wewe kwa sasa huna uso wa kuomba. Maji yakimwagika hayazoleki, na huenda akaenda kweli. Sitakudanganya.

Fanya hivi. Leo hii nenda mlangoni pa hicho chumba cha vitambaa, ubishe hodi ingawa nyumba ni yako, umwombe msamaha kwa yale maneno na kwa kule kunyamaza. Usiweke "lakini", wala usimtaje dada. Akikuruhusu, chukua tepu umpime upya, umshonee gauni la mwili alio nao leo. Akikataa, rudi kwenye cherehani yako ukanyage taratibu.

Kisha mwombe ruhusa ya kumsindikiza hospitali. Akikubali, ushike mkoba, ukae karibu na mlango. Muuguzi akitoka kuuliza nani amekuja na huyu mama, simama, Fundi. Usingoje aulize mara ya pili.