Mama, Pombe ya Genkuru Sikuionja

Mama yangu,

Shikamoo. Nina neno zito, lakini wewe ulichukia mtu anayetoa habari mbaya kabla hajakaa, kwa hiyo nianze na mazuri.

Unakumbuka safari zetu za baada ya mavuno? Wenzako walikwenda kusalimia ndugu. Wewe ulikwenda kuonja pombe za watu, ukanibeba na mimi, ukasema tunakwenda shule. Kijijini Nkende tulifika kwa yule mjane wa pombe ya ndizi. Ukanywa, ukanyamaza mpaka mwenyewe akaanza kuhangaika, ndipo ukamwambia ni nzuri ila ina haraka. Kule Serengeti kwa Waikoma tulikwenda na lori la mahindi, na pombe yao ya asali ikakufanya ucheke peke yako njia nzima ya kurudi. Magari ya watalii yalitupita yakitutimulia vumbi, ukayaonea huruma. "Wanakimbilia nyumbu," ulisema, "na vitu vyenyewe wameviacha huku."

Lakini kwetu Gorong'a ulijua huna mpinzani. Ulezi uliuloweka mwenyewe, kimea ukakianika mwenyewe, ukakilinda na kuku kwa mawe na matusi. Wazee walitoka mbali, wakakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hakuna aliyeinama kabla yako. Ulipiga magoti ukavuta wa kwanza mbele yao, waone kwamba mpishi amekunywa na yuko salama. Ukaniambia nisimpe mtu kitu ambacho sijakimeza mimi.

Dhahabu ilipovuma Genkuru ulikuwa umeshazikwa. Mwita, kitinda mimba wako, aliacha ng'ombe akaingia shimoni na wachimbaji wadogo. Nami nikamfuata na vyungu vyako, nikafungua kibanda karibu na mashimo. Mwanzoni nilipika kama ulivyonifundisha. Walinicheka. Mtu aliyetoka chini ya ardhi hataki kukaa na mrija akipiga soga. Anataka kitu kimpige mara moja, asahau kwamba kesho atashuka tena. Basi nikaanza kuchukua spiriti kwa mtu mmoja wa Sirari, ikija kwenye madumu, nikawa naichanganya na pombe ya ulezi.

Hiyo sikuionja. Nilikuwa nimeokoka mwaka ule, Mama. Nilimwambia Mungu kwamba mimi nauza tu, sinywi, na nikalala usingizi mzuri.

Siku moja mchana Mwita alikuja na wenzake wawili. Nilifungua dumu jipya, na kikombe cha kwanza nikampa yeye kwa sababu ni ndugu yangu. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, aliniuliza mbona hakujakucha. Macho yake hayakurudi tena. Wale wenzake wawili tuliwazika wiki hiyohiyo. Watu walisema ni hewa mbaya ya shimoni. Nikaitikia kwamba ndiyo, ni hewa. Dumu nililimwaga, nikaenda msibani, nikalia na mama zao na chai nikawapikia. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kujipa.

Tangu hapo nimekuwa mikono ya Mwita. Namchambulia samaki miiba, namshika mkono kwenda kanisani. Huwaambia watu kwamba Mungu alimnyima macho akampa dada. Miaka imekwenda, sasa ana wakwe. Mwezi uliopita mke wa mwanawe alijifungua msichana, na Mwita akatangaza kwamba mtoto ataitwa Bhoke, jina langu. Hapo nilishindwa kuendelea.

Jumapili nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwambia yote: spiriti, dumu, kikombe. Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akaliweka chini taratibu, na nilitamani anitukane.

"Mama za wale wenzangu," akaniuliza, "wanajua?"

Nikasema hawajui. Waliambiwa ni hewa.

"Basi usinishike mkono mpaka wajue, dada."

Tangu siku hiyo anajipapasia ukuta mwenyewe. Mara mbili amejigonga mlangoni, na mimi nimesimama pale mikono kifuani. Mtoto bado hana jina. Mama mmoja ameshafariki, huyo nimemkosa. Wa pili yupo Genkuru, mzee sana sasa, na kila tukionana hunibariki kwa chai ile ya msibani. Kesho asubuhi nakwenda kwake. Ninaogopa, Mama, sitakuficha.

Mwita amesema na yeye atakwenda. Atatembea nyuma yangu, na fimbo yake, akifuata mlio wa miguu yangu.

Pumzika, Mama.

Binti yako wa kwanza,
Bhoke