Damu ya Bihogo na Kamba Yangu

Muleba, Jumanne, baada ya sala ya asubuhi. Mvua imekoma na ukungu umeinuka juu ya migomba. Namshukuru Mungu, moyo wangu umetua.

Kwa wiki mbili nimemkasirikia Ishengoma, rafiki yangu tangu tulipobatizwa pamoja. Yeye ndiye niliyemkabidhi Bihogo, ng'ombe dume wangu wa nyama, amtunze kwa desturi yetu: ng'ombe ni wangu, samadi ni yake. Bila samadi hiyo, kibanja chake hakizai ndizi.

Bihogo alikonda. Nilimpima kifua kwa kamba ya mgomba niliyompimia mwaka jana. Ncha zikapitana shubiri nzima. Nikamwambia Ishengoma kwamba amemnyima majani na maji ya chumvi, nami nitamchukua.

Akajibu kwa upole, kwa neno letu la heshima, "Waitu, umepima ngozi. Ya ndani umeyaona wapi?"

Mkewe akadakia, "Mpime na huyu mume wangu, naye amekonda!"

Sikucheka.

Kisha daktari wa mifugo wa Serikali akamtoa Bihogo damu shingoni, akaipeleka Bukoba. Jana alirudi. Alitueleza kwamba vipo vimeng'enya, yaani chachu za mwilini, ambavyo ini likiumia huvujia katika damu, na vya Bihogo vimezidi mno. Ni minyoo ya ini, inayopatikana katika majani ya bondeni penye maji. Amemnywesha dawa; asema atapona, na mwili utarudi.

Majani ya bondeni.

Ishengoma hachungi bondeni kamwe. Kiangazi kilichopita, nilipomwoza binti yangu, nyasi za mlimani zilikuwa zimeungua. Nikaagiza za bondeni, zitandikwe sebuleni kwa heshima ya wageni. Zilizobaki, mizigo mitatu, nilimpelekea Bihogo mwenyewe, nikijiona mkarimu.

Nilikiri pale pale, mbele ya daktari, nikamwomba Ishengoma radhi. Akasema, "Ukimwoza binti wa pili, waitu, tutandikie mikeka."

Hapo nilicheka, na macho yakanilowa.

Siku zote hizo nilikuwa nikikipita haraka kile kifungu cha kusamehe katika Sala ya Bwana. Leo nimekisema taratibu, chote.

Bihogo anabaki kwa Ishengoma. Ile kamba nimeifungia mzigo wa majani ya mlimani, nami nampelekea sasa hivi, kichwani mwangu mwenyewe.