Pointi Moja ya Kusukuma

Kaka Masanja,

Nakusalimu kutoka Sydney, vumbi bado liko kwenye meno. Wewe fundi wa pikipiki hutaniamini: jana nilitazama mashindano ya pikipiki zisizo na breki kabisa. Wanakimbia wanne, wawili wa kila timu, mizunguko minne. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja.

Timu yangu ilikuwa mbele kwa pointi nne, zikabaki mbio za mwisho. Wapinzani wakashika nafasi mbili za juu. Wetu mmoja alishaanguka, na wa pili injini ikamzimikia kona ya mwisho. Nikainuka niondoke. Bibi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akiandika matokeo kwa penseli, akanivuta shati.

"Kaa. Sheria inamruhusu kusukuma, mradi asisaidiwe."

Kweli, jamaa akaanza kusukuma. Kiingereza chote kikanitoka, nikapaza sauti, "Sukuma! Sukuma!" Jukwaa zima likadakia. Bibi akaniuliza kama ndilo jina la yule mwendeshaji. Nikamwambia hapana, ni kabila la rafiki yangu, fundi wa Mwanza.

Akavuka mstari, akaanguka kifudifudi. Pointi ile moja ikatupa sare.

Jumatatu narudia mtihani wa kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kule ghalani Wetherill Park, mara ya tatu. Nilitaka kuacha. Siachi.

Wabusu watoto, msalimie shemeji. Wakikuuliza habari zangu, waambie injini ilizima, lakini nasukuma.

Wako, Hamisi